Uzi: Sufuria nyepesi, za kudumu na zinazoingia mashine ya kuoshea vyombo, kwa nyumba ya watu wawili

jikodogo #1

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaovijua vyombo, maana wauza duka nimeshawasikiliza vya kutosha.

Nyumba yetu ni ya watu wawili, mimi na mama, Dar. Jikoni kuna gesi ya pleti mbili, jiko la indaksheni (la umeme, linalopasha sufuria kwa sumaku) la sahani moja, na mashine ya kuoshea vyombo ile nyembamba ya upana wa sm 45. Mama ana yabisi kwenye vifundo vya mikono, kwa hiyo uzito ndio jambo la kwanza. La pili, vyombo vikae miaka. La tatu, viingie mashine, maana kusugua hawezi.

Tunapika ugali, wali wa nazi, maharage, samaki, mayai, chapati mara mojamoja, na chai ya maziwa kila asubuhi. Duka moja linanisukumia seti ya vipande 12. Jingine linasema aluminiamu ile ngumu ya kijivu-nyeusi inaingia mashine bila tatizo. Nichukue nini, na saizi gani?

Msumari #2

Mkuu, hayo matatu yanavutana. Chombo chepesi kuliko vyote ni cha aluminiamu, na aluminiamu ndiyo inayoharibiwa na mashine. Kinachovumilia mashine kuliko vyote ni stenlesi, nayo ni nzito na joto inalisambaza vibaya. Kwa hiyo swali linabaki kwenye muundo wa kitako na unene wa ubavu.

Tupige hesabu. Chukua sufuria ya kipenyo sm 20 na kimo sm 10. Kitako na ubavu kwa pamoja vina eneo la sentimita mraba 940 hivi. Sentimita moja ya ujazo ya aluminiamu ina gramu 2.7, stenlesi gramu 7.9, chuma cha kusubu gramu 7.2. Basi bila mfuniko wala mikono:

Aluminiamu ya unene wa mm 1.5, gramu 380.
Stenlesi ya mm 0.6 yenye bamba la aluminiamu la mm 4 chini, gramu 820.
Stenlesi ya tabaka tatu mpaka ukingoni (aluminiamu katikati ya stenlesi mbili), mm 2.5, gramu 1,030.
Chuma cha kusubu cha mm 4, kilo 2.7.

Hicho cha mwisho kisahau kabisa. Kimoja kikijaa mchuzi ni karibu kilo sita.

Kati ya hizo tatu nachagua ya pili: ubavu mwembamba wa stenlesi, kitako chenye bamba la aluminiamu lililofungiwa ndani, na chini kabisa kipande cha chuma kinachoshika sumaku ili indaksheni iitambue. Aluminiamu inapitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi, ndiyo maana lile bamba lipo. Bila bamba, stenlesi ya mm 0.6 itaunguza wali pale pale moto unapogusa, huku pembeni mchele bado una kiini.

Tabaka tatu mpaka ukingoni inapika vizuri zaidi, sikatai, hasa vitu vinavyopanda ubavuni kama mchuzi mzito wa nazi. Ila gramu 200 za ziada kwa mkono wenye yabisi zinahesabika. Tena ina tatizo lake kwenye mashine. Ukitazama ukingo wa sufuria ya aina hiyo kwa karibu utaona mstari mwembamba wa kijivu katikati ya mistari miwili inayong'aa. Huo wa kijivu ni aluminiamu iliyo wazi. Sabuni ya mashine inaila taratibu, unabaki mfereji mdogo na kingo mbili za stenlesi zenye makali ya kukata kidole. Baadhi ya watengenezaji wanaukunja ukingo na kuufunga. Kama haujafungwa, usiiweke mashineni hata kama sanduku limeandikwa inaruhusiwa.

Ndizi Nyama #3

Mimi naona mnamzungusha mtu bure. Sufuria ya aluminiamu ya kawaida, ile isiyo na mikono, unanunua kwa kilo, inachemka haraka, gramu 400 tu. Nyumba ya watu wawili inatoa sufuria mbili kwa mlo. Kuziosha kwa dodoki na sabuni ya maji ni dakika tano. Mashine iachieni sahani na vikombe.

Msumari #4

> Mashine iachieni sahani na vikombe.

Kwa mwenye mikono mizima nakubaliana na wewe. Kwa mama mwenye yabisi, kusugua ukoko ndiyo kazi yenyewe anayotaka kuikwepa. Na ile sufuria yako haishikwi na indaksheni, maana aluminiamu tupu haina sumaku.

Nieleze kwa nini aluminiamu na mashine haviendi pamoja, kwa sababu jikodogo ameambiwa uongo dukani. Aluminiamu inalindwa na utando mwembamba wa oksidi. Utando huo una tabia ya kuyeyuka kwenye asidi kali na kwenye magadi pia. Aliyewahi kupika maharage kwa magadi kwenye sufuria ya aluminiamu anajua jinsi ndani inavyogeuka nyeusi. Sasa, sabuni ya mashine ya kuoshea vyombo kiini chake ni sodiamu kaboneti, yaani magadi yaliyosafishwa, pamoja na vitu vingine vya kung'arisha na vimeng'enya vya kula wanga na protini. Maji ni nyuzi 50 mpaka 70, kwa saa moja na zaidi. Utando unaondoka, chuma kinaliwa, sufuria inatoka na rangi ya jivu na ukiifuta inaacha weusi mkononi.

Ile aluminiamu ngumu ya kijivu-nyeusi utando wake ni ule ule wa oksidi, ila umenenepeshwa kwa umeme kiwandani. Ni mgumu dhidi ya kukwaruzwa. Kwa magadi ya moto unayeyuka vile vile, unachukua muda zaidi tu. Utaona kwanza madoa meupe kama chokaa kwenye pembe na karibu na ribiti, zile pini za chuma zinazoshikilia mikono.

Iliyokwisha kuwa nyeusi haina sumu ya ghafla. Chemsha humo maji na ndimu mbili au konzi ya ukwaju kwa dakika 15, weusi utapungua. Haitarudi kuwa mpya.

Na wewe Ndizi Nyama, kwa wanaonunua kwa kilo: angalia ni ya kiwandani au ya kusubiwa mtaani kutokana na chakavu. Ya kusubiwa ina ubavu mnene usio sawa, ndani kuna vishimo vidogo na alama za mchanga wa kalibu. Chakavu kinachanganya vipuri vya injini, betri na vifaa vya umeme, na watafiti waliopima sufuria za namna hiyo kutoka nchi mbalimbali, Kenya na Tanzania zikiwemo, walikuta risasi ikitoka kwenye baadhi yake na kuingia kwenye chakula. Ukitia nyanya au ukwaju, inatoka zaidi. Ya bamba la kiwandani ni jambo jingine, hiyo siilaumu.

Ndizi Nyama #5

Hapo kwa chakavu nakuunga mkono. Lakini ngoja tufike kwenye ugali, tutaona hizo stenlesi zenu nyembamba.

Binti Pangani #6

Seti ya vipande 12 achana nayo. Wanahesabu mifuniko, kwa hiyo vipande 12 ni sufuria sita na mifuniko sita, na tatu kati ya hizo hutazigusa. Nunua moja moja. Kwa watu wawili vinatosha vinne.

Ya kwanza ni sm 16 kwa kimo cha sm 8. Ujazo wake ni lita 1.6. Hii ni ya chai, uji, kuchemsha mayai, kupasha mchuzi. Chagua yenye mdomo uliokunjwa nje kidogo, inamimina bila kutiririka ubavuni. Chai ya maziwa kwa watu wawili ni nusu lita mpaka robo tatu, na maziwa yanahitaji nafasi ya kupanda, kwa hiyo usishuke chini ya sm 16. Tena sufuria yenye kitako chini ya sm 12 indaksheni nyingi zinakataa kuisoma.

Ya pili ni sm 20 kwa sm 10, lita 3.1. Hii ndiyo itakayofanya kazi kuliko zote: wali wa gramu 300 za mchele, ugali, maharage, mchuzi wa samaki. Mchele ukiiva unakuwa kama mara tatu ya uzito wake, kwa hiyo gramu 300 zinatoka chakula cha gramu 900, na sufuria inabaki na nafasi ya kupalilia. Kama mnapika wali na mchuzi kwa wakati mmoja, nunua hizi mbili badala ya kuongeza saizi nyingine.

Ya tatu ni ya wageni, sm 24 kwa sm 12, lita 5.4. Inakaa kabatini. Hii mama asiinyanyue ikiwa imejaa, hata ingekuwa ya karatasi, maana maji peke yake ni kilo tano.

Ya nne ni kikaango cha nonistiki (kisichogandisha chakula) cha sm 24, nacho nakitenga na mengine kwa sababu hakiingii mashine.

Kuhusu mikono. Watu wanadhani mkono mrefu mmoja ni rahisi. Kwa kifundo chenye yabisi ni kinyume, kwa sababu mzigo unakaa mbali na kiganja na kifundo ndicho kinachopinda kuubeba. Masikio mawili, moja kila upande, yanagawa uzito na viganja vinabaki vimenyooka. Yawe mapana kiasi cha vidole vinne kuingia pamoja na kitambaa. Ile ya sm 16 tu ndiyo iwe na mkono mrefu, kwa kumiminia chai, nayo ikiwa na lita moja haizidi kilo mbili. Na upawa ufanye kazi: chota chakula ukiwa umeiacha sufuria jikoni.

jikodogo #7

Dada Binti Pangani, ubarikiwe. Nimeanza kuelewa. Kikaango mbona unakitenga? Dukani vimeandikwa vinaingia mashine. Kuna vile vyeupe vya kauri wanasema havina kemikali. Na chapati je?

Binti Pangani #8

Maandishi ya sandukuni yanamaanisha hakitavunjika siku ya kwanza. Ngozi ya nonistiki, ile ya teflon, yenyewe haidhuriwi na magadi. Kinachoharibika ni chini yake. Mwili wa kikaango ni aluminiamu, na popote ngozi ilipochubuka, kwenye ukingo, kwenye ribiti, kwenye mkwaruzo wa uma, sabuni inapenya na kula chuma kilichoishikilia ngozi. Baada ya muda inavimba vipele na kubanduka. Geuza kikaango utazame kitako pia: vingi vina bamba la chuma lenye matundu matundu kwa ajili ya indaksheni, na katikati ya matundu aluminiamu iko wazi. Hapo ndipo weusi unapoanzia.

Kukiosha kwa mkono si kazi. Kikiwa vuguvugu, maji ya moto, tone la sabuni, upande laini wa sponji, sekunde 30. Kama yai limegandama mpaka linahitaji kusuguliwa, ngozi imekwisha, badilisha. Hiki ni chombo cha kutumika na kuisha, kwa hiyo usinunue cha bei kubwa. Chagua mwili wa mm 3 hivi wa aluminiamu, kitako kilichonyooka.

Moto ndio unaoua zaidi ya mashine. Ngozi hii isizidi nyuzi 260, na ikipita 350 inatoa moshi wa sumu ambao kasuku au ndege wa ndani wanakufa nao. Kwenye indaksheni kikaango kikavu kinafika huko upesi kuliko unavyodhani. Tia mafuta kwanza, washa moto wa kati. Mafuta ya alizeti yakianza kutoa moshi umeshakaribia mpaka.

Vya kauri si kauri ya udongo. Ni ngozi nyembamba ya silika iliyopakwa juu ya aluminiamu ile ile. Vinavumilia joto zaidi na havina teflon, hilo ni kweli, lakini utelezi wao unaisha mapema kuliko wa teflon, na mafuta yaliyoungua yanang'ang'ania juu yake kama gundi. Kwa samaki wa kila wiki ningechukua teflon ya kawaida na kuitunza.

Chapati ni chuma cha chapati, kile cheusi bapa. Nonistiki kwa chapati inalazimishwa moto mkali bila mafuta mpaka ngozi inakufa. Chuma cheusi hakiingii mashine kamwe, mashine inavua mafuta yote yaliyokaukia juu yake na kesho kina kutu. Futa kwa kitambaa, basi. Mwiko wa mbao nao usiingie, unapasuka kwa urefu.

Ndizi Nyama #9

Haya, ugali sasa. Unga ukishashika, mtu anasukuma mwiko kwenye ubavu kwa nguvu zote. Sufuria ya gramu 800 juu ya kioo cha indaksheni inazunguka pamoja na mwiko. Ukiibana kwa nguvu, unakikwaruza kioo. Na ubavu wa mm 0.6 unapinda?

Msumari #10

Ubavu haupindi. Stenlesi ya mm 0.6 iliyokunjwa kuwa duara, ikiwa na ukingo uliokunjwa, inatosha kuhimili mwiko. Kinacholegea ni masikio.

Kuna namna tatu za kuyafunga. Skrubu zinalegea kwa mtikisiko wa mwiko na joto la mashine, na tundu lake linabaki na maji machafu. Ribiti zinashika vizuri kuliko zote, ila vichwa vyake ndani ya sufuria vinakusanya ukoko wa ugali unaohitaji mswaki. Masikio yaliyochomelewa kwa nukta hayana kichwa ndani, ndani ni laini kabisa, na mashine inasafisha kila mahali. Hayo ya kuchomelewa ndiyo ninayoyapendekeza kwa sm 16 na sm 20. Hesabu alama za nukta: zikiwa chini ya nne kila upande, acha. Kwa sm 24 inayobeba kilo sita, chukua ribiti.

Kuzunguka ni kweli. Ugali upikwe kwenye gesi, ambako vyuma vya jiko vinaishika sufuria, na mtu ashike sikio moja kwa kitambaa. Indaksheni iwe ya chai, wali na maharage.

Kwenye gesi kuna jambo. Pima bamba la chini kwa rula, usipime mdomo. Sufuria nyingi za sm 20 za bei rahisi zina bamba la sm 15 tu. Moto wa pleti kubwa ukipita ukingo wa bamba unapiga ubavu mtupu wa mm 0.6, na ndani utaona duara la kahawia juu kidogo ya kitako. Uji na maziwa vinaungulia hapo hapo. Bamba liwe angalau sm 17 kwa sufuria ya sm 20, na moto usionekane pembeni.

jikodogo #11

Nikienda dukani niangalie nini hasa? Zote zinang'aa sawa.

Msumari #12

Beba sumaku ndogo ya friji na rula ya chuma.

Sumaku iweke chini: inatakiwa ishike kwa nguvu, sio kuning'inia. Halafu iweke ubavuni. Ikishika ubavuni kama chini, hiyo ni stenlesi isiyo na nikeli, ile inayoandikwa 18/0. Inafaa, lakini inapata kutu mapema kuliko 18/10, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 10 hivi. Isiposhika ubavuni, usishangilie bado, kwa sababu kuna stenlesi ya bei rahisi yenye manganizi badala ya sehemu kubwa ya nikeli, nayo pia haishiki sumaku na inapata madoa ya kutu. Tafuta 18/10 au 304 (namba ya kiwandani ya stenlesi ya namna hiyo) iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Stika haihesabiki.

Rula iweke kwa upana juu ya kitako kilichogeuzwa. Katikati pawe na mwanya mdogo sana, wa kupita karatasi. Ikiwa baridi kitako kinatakiwa kiwe na mbonyeo kidogo kwenda ndani, kwa sababu kikipata joto kinapanuka na kunyooka. Kikiwa kimevimba nje, kitacheza juu ya indaksheni.

Tazama ukingo wa bamba pale linapokutana na ubavu. Chuma cha nje kinatakiwa kilifunike bamba lote. Ukiona mstari wa kijivu pembeni, ni aluminiamu, na mashine itaichimba kutoka hapo.

Mfuniko: vioo vina pete ya stenlesi kuzunguka. Bonyeza pete, tikisa. Ikicheza, maji ya mashine yatajaa ndani yake na baada ya miezi utaona machozi ya kutu yanashuka kwenye kioo. Mfuniko wa stenlesi mtupu ni mwepesi na hauna maficho. Kishikio chake kisiwe na skrubu ya chuma cha kawaida.

Mikono yenye uwazi ndani, ile ya bomba: angalia kama ina tundu mwishoni. Tundu moja dogo linaingiza maji na halitoi. Ama izibwe kabisa, ama iwe wazi pande mbili. Ile ya plastiki nyeusi inapauka na kupasuka kwenye mashine, iache.

Mwisho omba mizani ya duka. Sm 20 bila mfuniko ikizidi kilo 1.2, weka chini uchukue nyingine.

Karafuu77 #13

Salaam kutoka Maskati. Mmesahau maji, na maji yanaharibu stenlesi kuliko sabuni.

Jikodogo, kama jengo lenu linatumia kisima, na visima vingi vya Dar karibu na bahari vina maji ya munyu, basi kuna kloraidi. Kloraidi inatoboa utando wa kromiamu unaoilinda stenlesi. Unaona vidoa kama ncha ya sindano kwenye kitako ndani, vyeusi au vya kahawia, visivyofutika. Kifaa cha kulainisha maji kilichomo ndani ya mashine hakisaidii hapo, kinatoa chokaa tu, chumvi ya baharini inapita kama ilivyo. Dawa ni kutoziacha sufuria ndani ya mashine iliyofungwa usiku kucha. Mashine ikimaliza, fungua mlango, zitoe zikiwa za moto, zipanguse.

Jikoni nako: usitie chumvi kwenye maji baridi. Punje zinakaa kitakoni na kuchimba. Subiri maji yachemke, tia, koroga.

Madoa meupe ni chokaa, ya rangi rangi kama mafuta juu ya maji ni utando ulionenepa kwa joto. Yote mawili yanaondoka kwa vijiko viwili vya siki kwenye maji kidogo, chemsha, suuza. Usitumie waya wa kusugulia wa chuma cha kawaida, vipande vyake vinabaki kwenye mikwaruzo na kuota kutu, halafu unalaumu sufuria.

Kutu inahama pia. Kisu kimoja cha bei rahisi au mfuniko wenye skrubu ya chuma ukiota kutu ndani ya mashine, chembe zake zinasambazwa na maji na kutua kwenye kila sufuria. Ukiona vidoa vya kahawia kwenye vyombo vipya vyote kwa siku moja, tafuta mhalifu mmoja kati ya vilivyokuwemo.

Huku kwetu maji mengi ya bomba yanatoka baharini na kuchujwa chumvi, ni laini mno. Tatizo linageuka: sabuni ikizidi, vioo vinapata ukungu usiotoka. Kwa hiyo pima ugumu wa maji yenu kwanza, vijikaratasi vya kupimia mara nyingi huja na mashine, ndipo uweke kiwango cha kulainisha.

jikodogo #14

Maji yetu ni ya kisima kweli. Asante sana, hilo lingenipita. Mawili ya mwisho: maharage, mama amezoea presha kuka, ila ni nzito. Na sm 45 zitaingiza hizi sufuria pamoja na sahani?

Binti Pangani #15

Presha kuka ya stenlesi ya lita 4 pamoja na mfuniko inapita kilo mbili kabla hujatia maji, na mfuniko wa kuzungusha unataka nguvu ya kifundo. Chukua ya umeme. Inakaa mezani hainyanyuliwi, mnachota kwa upawa. Ila uliza sufuria yake ya ndani: iwe ya stenlesi, hiyo inaingia mashine. Zile za ndani zenye ngozi nyeusi ni aluminiamu, yaleyale ya kikaango.

Maharage gramu 250 kwa watu wawili ni mengi. Maji na maharage visizidi nusu ya chombo, kwa sababu povu na maganda vinaziba tundu la mvuke. Mfuniko usiingie mashine. Toa mpira uoshe kwa mkono, vuta kitufe cha mvuke, tazama tundu kwa mwanga. Mpira ukikaa kwenye mashine unakauka na kunusa sabuni.

Karafuu77 #16

Sm 45 inaingiza sm 16 na sm 20 pamoja na sahani za watu wawili, ukizipanga. Sufuria zote trei ya chini, mdomo chini, zimeinama kidogo ili maji yasitulie kwenye kitako. Meno ya trei ya nyuma mengi yanalala, yalaze. Masikio mafupi ndiyo yanayokuokoa hapo. Mkono mrefu wa ile ya sm 16 uelekeze pembeni, kisha zungusha mkono wa kunyunyizia maji kwa kidole kabla ya kufunga mlango. Ukigonga mkono wa sufuria, hakuna kitakachosafishika. Sm 24 iingie siku yake, peke yake.

Ugali na wali usivisuuze sana kabla. Kwangua, basi. Vimeng'enya vya sabuni vinahitaji wanga wa kula. Ukoko ulioungua ndio hautoki: lowesha usiku kwa maji ya moto na kijiko cha magadi, hii ni stenlesi, haidhuriki. Programu iwe ya nyuzi 50 au 55. Ya nusu saa haitoi wanga uliokauka.

Na chumvi ya mashine, ile ya kifaa cha kulainisha maji. Tumia ile ya punje kubwa iliyotengenezwa kwa mashine, ya mezani ina vitu vya kuzuia kugandamana vinavyoziba kifaa. Unapoijaza, maji ya chumvi yanafurika chini ya mashine. Usijaze kisha ukaondoka. Jaza pale tu unapokaribia kuosha, funga kizibo, washa papo hapo. Ule munyu ukilala humo hata usiku mmoja, unatoboa stenlesi ya chini ya mashine na ya sufuria kwa pamoja.

jikodogo #17

Nimeandika yote. Jumamosi naingia Kariakoo na sumaku na rula. Wakisema mizani hawana, natoka.

Ndizi Nyama #18

Sokoni mizani haikosekani. Nenda kwa muuza nyanya.